Mchanganyiko: Saa Nne

Kigonsera, Mbinga
6 Mei 2024

Athanas,

Huku hatujambo. Mama amefunguliwa plasta wiki iliyopita, mkono unashika kijiko ila jembe bado. Anakusalimia na anauliza kama unakula. Mvua haijakatika, na mbuzi wa jirani wametafuna miche yetu miwili ya kahawa. Habari za nyumbani zimeisha.

Najua unashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Tangu nirudi huku nimekupigia simu mara sita. Mara nne umekata, mara mbili umesema uko kwenye kelele, utanipigia. Hukunipigia. Meseji zangu unazisoma, naona alama za bluu, halafu kimya. Barua hii huwezi kuikata katikati. Nimempa Bryson, kondakta wa basi la Songea, akukabidhi mkononi hapo Mtaa wa Sikukuu, na nimemwambia asiondoke mpaka uifungue mbele yake.

Nina swali moja tu. Alhamisi ya tarehe 15 Februari, nilipokuwa njiani kuja kwa Mama aliyeanguka, wewe ulipika maziwa peke yako kwa mara ya kwanza. (Mama amesoma begani kwangu, ameuliza tangu lini kwa tajiri wetu Bwana Praful wanafuga. Nimemweleza kuwa ni yale majimaji meupe tunayoyapika kwenye tangi pale karakana ya Gerezani, ndiyo yanayoishikisha rangi ukutani, na bila hayo rangi ni unga na maji tu.) Swali langu ni hili: siku ile ulidondosha mchanganyiko kwa muda gani?

Maziwa yale yalitengenezwa rangi, na rangi ile fundi Shukuru akaenda kuipaka kwenye ukumbi wa sherehe Ilala. Mwezi wa nne watu wakafanya kichen pati humo. Mashangazi wa bibi harusi wakaegemea ukuta, walipoinuka migongo yao ilikuwa myeupe na mmoja gauni limeng'ang'ania ukutani mpaka likachanika. Upande wa pili wa ukumbi rangi ileile ilikuwa inabanduka magamba na kuangukia kwenye sahani za pilau. Kariakoo nzima ilicheka. Bwana Praful akanisimamisha mbele ya wafanyakazi wote, na wewe ukiwepo, akasema kanuni yangu ni mbovu.

Miaka saba nimepika kwa kanuni hiyohiyo, na hakuna ukuta uliowahi kulalamika. Tangi moja tu ambalo sikulipika mimi ndilo lililoharibika, na aliyefukuzwa ni mimi. Wewe ukapewa funguo za chumba changu cha vipimo.

Nimeomba kazi kwenye kiwanda cha rangi Iringa. Wako tayari kunifikiria, lakini watamwandikia kwanza Bwana Praful wamwulize habari zangu. Nafasi iko wazi mpaka mwisho wa Julai. Kwa hiyo sikuulizi ili tupige soga. Nijibu.

Klara


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
25 Mei 2024

Dada Klara,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nawaombea na nyinyi uzima. Mwambie Mama nakula, tena vizuri. Kuna mama lishe pembeni ya karakana anapika samaki wa Feri, na kichwa ananiwekea mimi bila kumwomba. Bryson anakuja na viatu vya Mama, nimevipata soko la Mchikichini, ngozi laini, namba thelathini na nane. Chumba nimehama, sasa niko ghorofa ya tatu na Goodluck anayefanya kazi bandarini. Joto limepungua kidogo.

Bryson alitii agizo lako. Alisimama mlangoni amekunja mikono mpaka nikachana bahasha, na majirani wa ngazini wakadhani nimeletewa wito wa mahakama.

Kuhusu swali lako. Daftari la kazi liko mezani kwa Bwana Praful, ukurasa wa tarehe 15 Februari. Nimeandika saa nne, nimesaini. Yeye mwenyewe alilisoma kwa sauti mbele ya watu, nawe ulisikia. Nilifuata karatasi uliyoibandika ukutani, neno kwa neno. Sijui unataka niongeze nini.

Na hizo funguo sikuziomba. Nilipewa. Ulitaka nikatae, halafu tuwe wawili tusio na kazi, Mama alishwe na nani? Dada, tangu darasa la tatu mimi naitwa mdogo wake Klara. Shuleni mdogo wake Klara, Gerezani mdogo wake Klara, hata yule mama lishe alikuwa ananiita hivyo. Sasa hivi ndio kwanza naitwa Athanas, na wewe unaniandikia kama polisi anayeandika maelezo ya mwizi.

Msalimie sana Mama. Kama viatu vinambana aviloweshe kidogo.

Mdogo wako,
Athanas


Kigonsera
2 Juni 2024

Athanas,

Shikamoo yako nimeiona. Nimeiacha palepale ulipoiweka.

Viatu vimemkaa Mama vizuri, amevivaa kanisani, na padri amevisifu. Mkono unaendelea. Kahawa iliyobaki imechanua.

Umejaza kurasa mbili na swali langu hukuligusa. Nimekuuliza ulidondosha kwa muda gani, wewe unanijibu daftari limeandikwa nini. Mimi si Praful. Najua mtu anaweza kuandika chochote.

Sasa nisikilize, kwa sababu inaonekana umekabidhiwa chumba changu bila kujua kinachofanyika ndani yake. Kwenye mapipa yale kuna monoma, vile vimiminika vinavyoshikana kuwa maziwa, za aina tatu. Sisi Gerezani tumezipa majina: Mgumu, Laini, na Kidogo, yule wa asidi anayewekwa tone tu. Mgumu ndiye anayeipa rangi uimara isinate. Laini ndiye anayeipa kunyumbuka isipasuke. Tunawataka wote washikane kwenye mnyororo mmoja, kwa kipimo kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Shida ni kwamba hawaendi mwendo mmoja. Laini ana pupa. Ukiwatia wote kwa pamoja, Laini anakimbilia kushikana, anaisha mapema, na Mgumu anabaki nyuma kushikana na Mgumu mwenzake. Unapata maziwa meupe mazuri ya kutazama, na ndani yake kuna vipande vinavyonata na vipande vinavyovunjika.

Wewe unapaswa kulielewa hili kuliko mtu yeyote. Tulipokuwa tunakula sinia moja, nyama nani alikuwa anaimaliza, na nani alikuwa anabaki na ugali mtupu? Mama alifanyaje? Aliacha kuweka nyama yote sinia moja. Akawa anatoa kipande kimoja kimoja, tukimaliza ndipo anaongeza kingine.

Na sisi ndivyo tunavyofanya kwenye tangi. Tunaliacha na njaa. Mchanganyiko unadondoka taratibu kiasi kwamba kila kinachoingia kinaliwa chote, mwenye pupa na mzito pamoja, kabla ya kingine kuingia. Hapo kipimo ulichotia ndicho kipimo kinachotoka. Ndiyo maana ya ile koki ndogo, na ndiyo maana inachukua saa nne za kusimama juu ya ngazi mpaka magoti yanauma.

Tangi lako halikudondoshewa saa nne. Kuta za ukumbi ule zimeshasema. Tena kuna jambo jingine. Mchanganyiko ukiingia kwa mkupuo, joto linapanda lenyewe hata ukizima moto, na harufu ya Mgumu inatoka mpaka barabarani. Ukurasa wako, kama Bwana Praful alivyousoma, una 75, 75, 75 karibu wote. Niambie kwamba siku ile mama lishe wako hakukohoa.

Bwana Praful ameshawajibu watu wa Iringa. Injinia Leticia, mkuu wa kiwanda chao, ni muungwana, alinipigia akanisomea. Ameandika kwamba mimi ni mchapakazi na mwaminifu, lakini kanuni yangu ilifuatwa ipasavyo na ikashindwa. Ilifuatwa ipasavyo. Maneno hayo yanasimama juu ya saini yako. Injinia ameniambia bila ufafanuzi wa jambo hilo hawezi kunichukua, maana kazi yenyewe ni ya kupika maziwa.

Jina langu liko mfukoni mwako, Athanas. Nimekubeba mgongoni nikiwa na miaka kumi na moja, nimekulipia shule kwa mshahara wa kuosha matangi, nimekuombea kazi kwa mtu huyohuyo. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Jibu swali.

Klara


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
30 Juni 2024

Dada Klara,

Shikamoo, hata kama utaiacha tena.

Nafurahi viatu vimemkaa. Huku mapipa ya Mgumu yamekwama bandarini siku kumi na mbili, kwa hiyo kazi imesimama na tunafagia tu. Goodluck alikuwa na malaria, amepona. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima chini ya godoro. Nilikuwa naitoa, nasoma mpaka kwenye sinia, narudisha.

Haya. Nilianza saa mbili asubuhi kama karatasi ilivyosema. Maji, sabuni, moto mpaka sabini na tano. Nikatia kianzio, ile dawa ya kuamshia mchanganyiko, nikakaa. Nikatazama saa ya ukutani. Ilipofika saa nne nikapanda ngazi, nikafungua koki kubwa, nikaingiza mchanganyiko wote. Dakika kumi hazikufika.

Saa nne, dada. Saa nne asubuhi.

Karatasi yenyewe nimeibandua ukutani, imo humu ndani ya bahasha. Itazame kabla hujaendelea. Mstari wa kwanza umeandika, "Maji na sabuni: saa mbili." Mstari wa tatu umeandika, "Mchanganyiko: saa nne." Ile ya juu ni saa ya ukutani. Ile ya chini, kumbe, ni muda. Hakuna "kwa", hakuna "kwa muda wa", hakuna "dondosha". Nukta mbili tu. Mtu ambaye hajawahi kupika angesomaje? Wewe uliyenifokea wiki nzima kwa kuandika "lita tano" bila kusema za nini.

Nilikuuliza siku ile. Ulikuwa umeshika begi, bajaji inakusubiri nje. Nikasema, dada, hapa hakuna la kunielekeza? Ukaniambia, "Kila kitu kiko kwenye karatasi, hata mtoto wa darasa la pili anaweza." Watu wakacheka. Basi nikafanya kama mtoto wa darasa la pili.

Na daftarini niliandika hivyohivyo, "Mchanganyiko: saa nne", nikimaanisha saa nne niliyoiona mimi. Sikudanganya. Siku Bwana Praful alipolisoma kwa sauti alisema, "Saa nne nzima kijana kadondosha, kafuata kila kitu, sasa kosa la nani?" Hapo ndipo nilipoelewa. Wewe ulikuwa unanitazama moja kwa moja. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ndiyo, nilinyamaza. Nilikosea, na nilinyamaza. Lakini usiniambie jina lako liko mfukoni mwangu. Limo kwenye hiyo karatasi.

Athanas


Kigonsera
7 Julai 2024

Athanas,

Mama hajambo. Alinikuta nimekaa na karatasi yako mapajani akauliza kuna nini, nikamwambia ni orodha ya vifaa.

Mwandiko ni wangu. Hilo silibishi. Nimeitazama siku tatu nikitafuta neno nililodhani nililiandika, halipo. Nilivyokuwa naiandika kichwani nilikuwa naona koki ndogo na dakika zinavyokwenda, nikaona na wewe unaviona. Miaka saba nimeipika kazi hii mpaka nimesahau kwamba kuna mtu asiyeijua. Inaniuma na sitaki unihurumie. Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia zaidi ya sisi wawili ningemshukuru.

Lakini usinywe soda ya ushindi bado. Karatasi yangu haikukuambia uandike 75. Ukimimina tangi zima kwa dakika kumi, joto halikai 75. Nilikuuliza habari ya joto kwenye barua iliyopita, wewe ukanijibu kila kitu isipokuwa hilo. Kosa la kusoma saa nimelikubali. Zile namba ni za nani? Ungeandika joto la kweli, Bwana Praful angelitazama daftari kabla ya maziwa kutumika, akaona palepale kwamba kuna kitu hakikwenda sawa. Tangi lisingetengenezwa rangi hata ndoo moja. Shukuru asingepaka, mashangazi wasingechanika magauni, na mimi ningerudi kutoka huku nikakuta maziwa mabovu kwenye pipa, nikakugombeza, tukapika mengine.

Nataka uende kwa Bwana Praful. Mwambie yote mawili, neno langu na namba zako. Usinifiche na usijifiche. Halafu yeye awaandikie Iringa upya. Injinia Leticia amenipa mpaka tarehe ishirini na tisa, siku hiyo nakwenda kuonana naye, na baada ya hapo nafasi inapewa mtu mwingine ambaye ameshafanya usaili.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Hata sasa sikuombi, nakuagiza.

Klara


Kariakoo
21 Julai 2024

Dada Klara,

Sina habari za kukusimulia. Mimi mzima.

Lilipanda mpaka tisini na mbili. Ulitaka kujua, ndiyo hiyo. Tangi lilianza kuunguruma, harufu ikajaa karakana, mama lishe akahamisha masufuria. Nilivuta ule mpira wa kuoshea gari la Bwana Praful nikalimwagia tangi maji kwa nje. Nilidhani litapasuka nife. Liliposhuka nikakaa chini nikajaza ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja. 75, 75, 75. Mahali pamoja nikaweka 76 ili ionekane kweli. Sikutaka uambiwe kwamba siku ya kwanza tu mdogo wako alikaribia kulipua kiwanda.

Nilikwenda kwa Bwana Praful dukani, Jumatatu. Nilimweleza yote mawili kama ulivyoagiza. Alinisikiliza huku anamchagulia mteja rangi kwenye kadi, mteja alipoondoka akasema, "Athanas, ukumbi Shukuru ameshaupaka upya. Mwenye ukumbi amenyamaza. Wewe unataka mimi niwaandikie watu wa Iringa kwamba Praful amefukuza mtu kwa kushindwa kusoma daftari lake mwenyewe? Miaka thelathini niko Kariakoo. Nenda kafanye kazi." Nikamwambia lakini dada yangu anaonekana hajui kazi. Akasema, "Dada yako atapata kazi popote, ana akili yule." Tena aliongea kwa upole. Maziwa ya tayari yameshaagizwa kutoka nje, yako melini, na tangi letu litafungwa mwezi wa tisa.

Nikampa funguo zake. Nikachana ule ukurasa wa daftari mbele ya macho yake, nikatoka nao. Alinifokea mpaka watu wa duka la pili wakatoka nje.

Halafu nikawaandikia Iringa mwenyewe. Nimeweka na ukurasa. Usiniulize nimeandika nini. Umetaka jina lako, nimekurudishia. Kwenye rangi hapa mjini hakuna atakayenichukua tena, ameshawapigia wenzake simu. Niko Mchikichini, nauza viatu na jamaa mmoja. Mwambie Mama nimebadilisha kazi, usimwambie kwa nini.

Athanas


Iringa
4 Septemba 2024

Athanas,

Mama nimemwacha na mke wa jirani mwenye mbuzi, wanaelewana kuliko alivyokuwa anaelewana na mimi. Hapa baridi ni kali, nimenunua koti. Nimepata kazi. Nimeanza Jumatatu ya tarehe 5 Agosti.

Nimechelewa kukuandikia mwezi mzima na zaidi. Sikuwa na shughuli yoyote ya kunizuia.

Tarehe ishirini na tisa Julai niliingia kwa Injinia Leticia nikiwa na karatasi yangu ile kwenye mkoba. Nilikuwa nimejipanga. Nilijua umewaandikia, na nilidhani umeandika kama tulivyokubaliana, neno langu na namba zako. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Ningesema ndiyo, niliandika vibaya, na hivi ndivyo ninavyoandika sasa. Maana tangu Julai naandika kwa dakika. Hata hapa nimebandika ukutani "dondosha kwa dakika 240", na fundi mmoja, Kasmir, aliponiuliza kwa nini nisiseme saa nne tu kama binadamu wengine, nilimjibu vibaya mpaka akaacha kunisalimia.

Akatoa barua yako akanisomea. "Dada yangu alinielekeza kwa mdomo na kwa maandishi kwamba nidondoshe kwa muda wa saa nne mfululizo, akanionyesha na koki. Mimi nikaona uvivu nikamimina yote, kisha nikaandika uongo. Dada yangu hana kosa lolote."

Nani alikuomba hivyo? Nilikuandikia usinifiche. Mimi sikukuonyesha koki yoyote, nilikuwa na haraka ya basi. Nilikudhihaki mbele ya watu nikaondoka. Wewe hukuwa mvivu. Ulikaa masaa mawili unatazama saa ya ukutani ili usikosee dakika, na wewe mwenyewe ukamwandikia mtu usiyemjua kwamba ni uvivu.

Injinia akaniuliza, "Ndivyo ilivyokuwa?"

Nikasema ndiyo.

Akauliza tena, "Maelekezo yako yalikuwa wazi?" Mkoba ulikuwa kwenye kiti cha pembeni, naugusa kwa kiwiko. Mara ya kwanza ningeweza kusema nilishtuka. Mara ya pili nilikuwa nimeshatulia. Nikasema yalikuwa wazi kabisa. Akacheka, akasema mtu kama huyo asingempa hata ndoo ya kuosha. Na mimi nikatikisa kichwa pamoja naye, kama watu wawili wanaomsikitikia mtoto wa mwingine.

Miezi mitatu nimekutukana kwa barua ili useme ukweli. Wewe ulikwenda dukani ukausema, ukapoteza kazi. Mimi nilipoulizwa mara mbili, kwenye kiti chenye mto, na chai mezani, sikuweza. Nimekukasirikia kwa uongo ule kuliko nilivyokukasirikia kwa ukweli uliouficha, na najua hasira hiyo si yako. Najionea aibu. Kila asubuhi napanda ngazi, nafungua koki ndogo, nasimama dakika mia mbili na arobaini, maziwa yanatoka mazuri, wananisifu, na sina pa kuuweka uso wangu.

Nilitaka kwenda kumwambia Ijumaa iliyopita. Nikafika mlangoni kwake. Akaniuliza nahitaji nini, nikasema glavu.

Kwa hiyo nafanya hivi. Karatasi nimeiweka humu, ile yenye mwandiko wangu na nukta mbili. Barua hii nayo inaeleza kila kitu, na nimeiandika kwa kutulia, hakuna mstari wenye maana mbili. Anwani ya Injinia Leticia unayo. Ukimtumia, jina lako litatoka kwenye uvivu, na uongo hautabaki wa kwako peke yako, na mimi nitarudi Kigonsera. Usipomtumia, nitaendelea kula mshahara wa hapa. Sikuombi utume, na sikuombi usitume. Sina haki ya kukuagiza tena.

Chini nimeandika jina lote, ili asiwepo wa kuuliza ni Klara yupi.

Klara Bonifasi Ndunguru